Hakichukui Nafasi

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.
Hawakuwa na kompyuta.

Jumapili, Bydgoszcz, theluji imeziba dirisha nusu,
nami nimevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine,
nachunguza kwa nini mashine hii huchukua dakika tisa kuamka
kama mimi.

Gniewko, mtoto wa jirani wa ghorofa ya chini,
aliniandikia maagizo nyuma ya risiti ya mkate:
Babu, kusanidua hakutoshi.
Programu ikiondoka huacha ndala mlangoni.
Ingia kwenye makabrasha. Usiguse usilolijua.
Sasa niguse lipi, kijana, na silijui hata moja?

Kwanza printa.
Printa yenyewe nilimpa shemeji mwaka ule wa mafuriko,
ikamfia baada ya wiki, tukanuniana hadi Pasaka.
Humu ndani lakini bado inaishi,
faili mia tatu na kumi na mbili zinangoja karatasi.
Nikafuta. Raha yake
kama kung'oa ukucha uliokwisha kufa.

Kisha mchezo wa matrekta wa mwanangu Ziemowit,
ambaye siku hizi ana upara na mkopo wa nyumba.
Trekta lake limesimama katikati ya ngano
tangu yuko darasa la sita, mafuta robo tangi.
Nikafuta. Hapo nilisita kidogo, siongopi.

Kisha programu ya kodi,
ya mwaka ule kiwanda cha baiskeli kilipofungwa
nikabaki na ufunguo wa kabati lisilokuwepo tena.
Mapato: sifuri, sifuri, sifuri.
Hiyo niliifuta kwa kidole kizito.

Haba na haba, kibaba kimefurika.

Chini kabisa, kabrasha lenye jina la ajabu.
Usiguse, alisema Gniewko.
Nikaligusa.

Kinorwei kwa Wanaoanza.

Hii naikumbuka. Bogna aliinunua sokoni, diski ya zloti kumi,
siku ya tatu akasema: ngumu, nimeshaiondoa.
Na kuiondoa aliiondoa, sijui lini.
Asilolijua ni kwamba iliacha daftari.

Mwanafunzi: Bogna.
Masomo yaliyokamilika: arobaini.
Somo la arobaini na moja, Kupanga Nyumba: asilimia sitini.
Mara ya mwisho: tarehe kumi na nne Novemba,
saa nane na dakika tano usiku.

Masomo arobaini si siku tatu.
Novemba ile nilikuwa nalala saa kumi na nne, viatu miguuni,
na nikiamka naitukana supu.
Kumbe yeye alikuwa hapa, kwenye kiti hiki hiki,
spika kaiziba kwa soksi yangu,
ananong'ona: chumba, cha bei nafuu, cha mtu mmoja.
Au cha watu wawili? Faili haisemi.
Inasema asilimia sitini tu, kisha kimya.

Nikakumbuka asubuhi moja aliliambia bomba linalovuja
neno lisilo la kwetu,
nikadhani anapiga chafya.

Mashine inauliza: Una hakika unataka kufuta kabisa?
Jikoni anakata kabichi, kisu kinapiga ubao sawasawa.
"Vipi, imeanza kwenda mbio?"
"Bado. Kuna kitu cha Kinorwei kimebaki."
Kisu kikanyamaza.
Bomba, lile lile, likadondosha tone, likadondosha la pili.
"Kikubwa?" akauliza.

Nikatazama. Kilobaiti nne.
"Hapana. Hakichukui nafasi."

Kisu kikarudi ubaoni, polepole kuliko mwanzo.
Mashine nikaiacha na swali lake,
nikavua miwani mmoja,
nikaenda kumenya vitunguu.