Shubiri Moja

Musembi ameweka taa mezani, haina mkia.
Taa kijidogo, ya redio iliyokufa,
chini yake duara la shaba alilosuka usiku
kwa waya tuliochuna kwenye mota ya kinu cha Gathirwa.
Duara la pili limechomekwa ukutani.
"Tazama, Kerubo," ananiambia,
nami nina chuma cha kulehemu, moshi machoni,
mota tatu za watu zinanidai
na sina siku ya mazingaombwe.

Vidole vinne: inawaka.
Si kwa kujidai. Inawaka kama mtu
aliyeitwa jina lake akiwa usingizini.
Shubiri moja: rangi ya strungi.
Shubiri na nusu: giza.

Nasema shubiri ya kipimo, gumba hadi kidole cha mwisho,
si ile ya kupakwa titi mtoto aache kunyonya,
ingawa naona zimekaribiana:
Mukuru nzima inanyonya waya
na hakuna aliyethubutu kuipaka kitu.
Juu ya mabati nyaya zimesokotana
kama nywele za mgonjwa wa siku nyingi.
Mvua ikinyesha zinanong'ona,
nasi twapita chini tumeinamisha shingo,
kwa mazoea, si kwa heshima.

"Ni kama ngoma mbili," anasema kijana.
"Ukipiga hii, ile huitika yenyewe,
mradi ngozi zimekazwa sawa.
Zikitofautiana, utapiga hadi alfajiri."
Namuuliza, na umbali?
Anakuna kichwa.
Umbali ndio mtoza ushuru.
Kila hatua anachota chake,
na kinachofika
ni salamu tu.

Habari haikai dukani. Wamejaa mlangoni.
Mama Naliaka, na sufuria yake ya samaki:
"Ukipita hewani, utapita na tumboni mwangu?"
Gathirwa, mwenye nyumba, hajali tumbo la mtu:
"Na asiyelipa, nitamkata wapi?"
Watu wakacheka, ila yeye hakucheka.
Alikuwa anaangalia juu, pale hewani,
kama mtu anayetafuta pa kupigilia msumari.
Mtoto mmoja akauliza kama tokeni
bado itakuwa na tarakimu ishirini.
Musembi akajibu kwamba mnara mmoja Embakasi,
siku moja, labda,
na neno "labda" akalimeza haraka
kama kidonge.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka, nimesimama palepale.
Nilikuwa Jumamosi ile, nyuma ya choo cha plotini,
Achola anaanika sare ya mwanawe,
kamba ya nguo ni waya, na waya umeguswa na waya
ambao mtu fulani aliuvuta usiku, shilingi mia tatu kwa mwezi.
Sare ilikuwa mbichi.
Nilimvuta kwa mti wa ufagio. Nilichelewa.
Kovu hili la kiganjani ni la siku hiyo;
wateja hudhani ni la kazi.

Basi nikaweka chuma chini.
Nikapenyeza mkono, huu wenye kovu,
katikati ya duara na duara.
Musembi akashika pumzi.
Nilingoja kuumwa. Mwili wangu unaujua umeme,
unaujua kama punda anavyoujua mjeledi.
Hakuna.
Wala joto, wala sisimizi kwenye kucha.
Ulikuwa unapita ndani ya mifupa yangu,
bila hodi,
na taa, upande wa pili, haikutikisika.

Sijui nilisimama kiasi gani.
Mama Naliaka anasema nilikuwa natabasamu;
simwamini, ana deni langu.

Ndipo mtaa mzima ukalia "Aaah!" kwa sauti moja,
feni ya kinyozi ikakata kauli,
na taa yetu isiyo na mkia ikazima pamoja na zenye mikia.
Hewa ilikuwepo, tele, inanuka samaki.
Umeme ndio uliokosekana.

"Washa mshumaa," nikamwambia Musembi,
"tupime tena. Ukirudi,
tuanze na shubiri na nusu."