Tarehe ya Kamera

Waya umekufa, na haukufa ghafla.
Wiki tatu ulikuwa ukikubali ukikunjwa kidogo kushoto,
ukishikwa hivyo hivyo, mtu asipumue,
na picha zinapita moja moja kama ng'ombe kwenye josho.
Leo hata ukikunjwa, haukubali.

Lusungu akasema, "Dada, hii kamera ina antena tumboni.
Tuzirushe hewani."
Hewani! Njombe, mwezi wa saba,
hewa yenyewe imegandia kwenye majani ya viazi,
na mimi vidole vinachungulia kwenye soksi niliyoikata ncha.

Tukafungua menyu. Tukashuka, tukapanda, tukashuka.
Kompyuta ikatuorodheshea majirani:
MAMA FAIDHA DUKA.
FUNDI CHEREHANI 2.
NUNUA LAKO.
USHARIKA OFISI, na kufuli lake.
Chini kabisa, mgeni asiye na mtaa,
herufi na tarakimu kama namba ya pikipiki:
kamera yangu, iliyo futi mbili kutoka hapo,
inabisha hodi kama imetoka Makete kwa miguu.

Neno la siri, herufi nane.
Ya tatu ni elo, au ni moja?
Tukaandika elo. Ikakataa.
Tukaandika moja. Ikafikiri,
ikazungusha kale kaduara kake,
ikakataa kwa adabu.
Lusungu akaisogeza kamera puani:
haikuwa elo wala moja,
ilikuwa i kubwa, imesimama wima kama mlinzi wa benki.

Kisha kompyuta nayo: je, unakiamini kifaa hiki?
Nikacheka peke yangu.
Miaka kumi na moja tumekula harusi pamoja,
Uwemba, Lupembe, Wanging'ombe,
tumelowa pamoja, tumekopwa pamoja,
kuna bwana harusi mpaka leo tunamdai.
Nakiamini. Bonyeza.

Baba alikuwa na chumba cha giza pale nyuma.
Siku hizi tunaweka mkaa.
Taa nyekundu, mabeseni matatu, kamba na vibanio vya nguo,
na mtu akitokea polepole ndani ya dawa,
nywele, kola, mwisho macho.
"Usiihemee," aliniambia. Sijui kama ilikuwa kweli
pumzi inaharibu picha, au alitaka ninyamaze.

Mstari wa kijani ukatambaa.
Nikajikuta sihemi.

Zikaingia. Mashine ilihesabu: moja, tano, tisa.
Lakini juu, penye leo, hapakuwa na kitu.
"Zimepotea njiani," akasema Lusungu.
Njiani wapi? Futi mbili!
Tukateremka mwaka kwa mwaka, misiba na vipaimara,
mpaka tukazikuta.

Jumapili betri ilikauka kabisa,
na saa ya kamera ikarudi ilikoanzia:
tarehe mosi, mwezi wa kwanza, 2014,
saa sita usiku.
Na siku niliyoinunua, mimi mshamba wa menyu,
sikujua kama tarehe inawekwa.
Kwa hiyo picha yangu ya kwanza nayo imeandikwa hapo,
saa sita na dakika saba.

Mabinti wa kidato cha nne, sweta za kijani,
mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne,
halafu baba,
kwenye kiti cha studio, koti limefungwa mpaka shingoni,
mkono umeinuka nusu, mdomo wazi,
ananiambia kitu kuhusu mwanga,
halafu binti wa tano, anajizuia kucheka.

"Dada, niirekebishe tarehe?"
Ndiyo.
Ngoja kwanza ipite ya mia na kumi na mbili.

Mlangoni mwalimu wao anagonga kioo kwa funguo,
anauliza kama ziko tayari.
Zinakuja, mwalimu.
Zimepitia kwa mzee kwanza.