Kona ya Hamsini na Saba

Miaka tisa pale Mwanjelwa nilifungua simu za watu
kama mtu anayechuna sungura:
kioo kwanza, kisha betri, kisha utumbo.
Niliona picha wasizoonyeshana mume na mke,
nikazifunika kwa kidole gumba
nikaendelea kuunga nyaya.
Yangu mwenyewe ililala kifuani,
ikinizindua kila ilipojikuna.

Usiku mmoja niliipapasa gizani
kabla sijampapasa Eda.
Hakusema neno. Akavuta blanketi.
Neno hilo asilolisema
ndilo lililonipakia kwenye Fuso la mbolea pale Chimala.

Kona ya kwanza, ya kumi, ya thelathini,
masikio yakiziba na kuzibuka,
utingo akizihesabu kwa sauti kama mkopeshaji.
Mtandao ulikufa kona ya arobaini na kitu,
ukafufuka, ukafa.
Ya hamsini na saba nilikuta ukungu
na bibi mmoja akiuza njegere kwa kopo.
Akaniuliza, "Wa nani wewe?"
Mjini hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Waliniuliza, "Itachukua muda gani?"

Sasa nalima viazi. Sijui kulima viazi.
Tuta langu la kwanza lilipinda mithili ya alama ya kuuliza,
watoto wa Matamba wakapita wakilicheka hadi shuleni.
Jirani yangu Atukuzwe anasema udongo hauna kitufe cha kurudia:
ukikosea Desemba, utalila kosa lako Aprili.
Anasema hivyo, naye Aprili ananiletea ndoo ya viazi vyake
na kuiacha mlangoni bila kubisha.

Bisibisi zangu sikuzitupa.
Moja hutoa miiba kwenye nyayo za Eda jioni,
moja imekaza miwani ya mchungaji.
Simu nimeizima, iko ndani ya debe la ulezi,
imelala kama panya aliyeshiba.

Hayo ni ya kusimulia mbele ya wageni.
Haya sivyo:

mwezi wa sita, wiki ile sakitu ilipounguza majani,
kaka yangu Obeti alifariki Uyole.
Walipiga. Walipiga tena.
Habari ilinifikia siku ya tatu, mdomoni mwa utingo yuleyule,
gunia likiwa begani mwake:
"Pole, kaka. Kumbe hujui?"
Nilipofika udongo ulikuwa umekauka juu,
mashada yamelegea,
na shangazi akanitazama kama mdaiwa.
"Ulikuwa wapi?"
Nikasema, nilikuwa napalilia.
Sijawahi kutoa jibu la kweli kuliko hilo
wala la aibu zaidi.

Usiku wa kurudi nilizamisha mkono kwenye ulezi
hadi kiwiko. Punje zikanikumbatia, za baridi.
Niliigusa.
Eda akakohoa chumbani: "Umepata?"
"Natafuta," nikasema.
Mpaka leo sijui alidhani natafuta nini.

Basi tumeelewana, mimi na debe.
Siyo ushindi. Ni kama wazee wawili waliochoka kugombania mpaka.
Kila Jumamosi napanda kilima cha nyuma ya kanisa,
naiwasha kwa muda wa chai kuchemka,
nasikiliza nani mgonjwa, nani kajifungua, nani ananidai,
kisha naizima
na kukaa kidogo juu ya jiwe, vidole vikiwa bado na njaa.

Kushuka, ukungu hunimeza nikiwa nusu ya njia.
Siioni hata mikono yangu.
Nasimama.
Chini kule Eda anapasua kuni:
shoka, kimya, shoka.
Naufuata mlio.