Vyumba vya Hewa

Mara ya kwanza nilimpiga picha akiwa na miaka minne.
Alibingirika ngazi za soko la El Alto,
kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi mwa mama yake.
Hakuna kilichovunjika. Niliinua picha kwenye taa:
paji la uso jeupe, mfupa mtupu,
ukuta ambao haujatobolewa dirisha.

"Kuna nini humu?" akauliza Eleuterio, akijigonga kipaji.
Bado hakuna, nikamwambia. Mashavuni tu,
vishimo viwili vyenye ukubwa wa haragwe,
na katikati ya macho, kipande cha sega la nyuki.
Hivyo ulizaliwa navyo. Vingine vitachimbwa.
"Na nani?"
Nikajifanya natafuta kalamu.

Huku kwetu hewa ni haba.
Mgeni hupanda vidato kumi akashika ukuta,
viazi huchemka nusu siku.
Na bado kichwa kidogo kama hiki
kinabomoa mfupa wake chenyewe
ili hewa ipate pa kukaa.
Bandu bandu huisha gogo, husema watu.
Gogo hili haliishi. Linageuka nyumba.

Alirudi na miaka minane, homa, kamasi za kijani,
mafua ya Juni yaliyogoma kuondoka.
Meno ya utotoni yalikuwa yameng'oka, makubwa yanashuka,
na chumba cha shavu kinashuka nayo,
kama mpangaji anayesogeza kitanda
kila jirani akihama.
Juu ya nyusi, doa jeusi. Upana wa ukucha.
Nikasema peke yangu: karibu.

Alipofika kumi na mmoja mgodi wa bati uliporomoka.
Walitolewa wanaume saba, wawili hawana nyuso.
Nikaitwa kabatini.
Nikaitafuta picha ya zamani ya Saturnino, baba yake,
aliyopigwa miaka hiyo akisumbuliwa na kipandauso.
Paji la mtu halina pacha:
chake cha kulia kilikuwa kipana, kingo zake mawimbi,
cha kushoto kichochoro tu.
Nikaweka picha juu ya picha.
Zikaingiana.
Primitiva alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.
Nilitikisa kichwa mara moja. Maneno sikuwa nayo.

Jumanne hii amekuja tena. Kumi na sita,
amegongana vichwa na beki akiufuata mpira wa kona.
Hakuna ufa. Nikaiwasha taa.
Kulia kipana, kingo mawimbi.
Kushoto, kichochoro.

"Enhe, kuna nini humu?" akauliza, kwa sauti
iliyonifanya nigeuke kutazama mlango.
Hewa, nikasema.
"Hewa tu?"
Hewa tu. Na usipige mpira kwa kichwa wiki mbili.

Akacheka, akavaa koti, akashuka ngazi
akivumisha wimbo puani, mdomo umefungwa,
na ngazi nzima, zege na chuma chake, ikamwitikia.
Picha zote mbili bado ziko mezani.
Sijazirudisha kabatini.