Penseli ya Kule

Tangu mtoto wa jicho amzibe baba macho yote mawili,
anayemsomea Maandiko ni kaka yangu Kule,
yule asiyeamini.
Mimi ninayeamini nasoma vibaya, baba asema,
kama mtu anayekimbizwa na mvua.

Jina ni la Kikonzo, lakini Kiswahili nacho kimemwonea:
Kule, mbali kidogo na tulipo sisi.
Huja kwa boda kutoka shuleni Kasese,
chaki ya hisabati ingali vidoleni,
penseli sikioni,
hadi nyumba namba kumi na nne, kambi ya wachimba shaba,
Kilembe, ambako mgodi umelala
na baba, karani wake, bado huamka saa kumi.

Anasoma vizuri. Mungu anisamehe, kushinda padri.
Kisha penseli inashuka.

"Hapa babu yake mzaa baba ni Yakobo.
Huku ni Heli."
"Hata wewe una babu wawili."
"Mzaa baba, baba. Wote wawili wamwandika mzaa baba."

Baba apuliza chai.

"Jogoo je? Mmoja asema aliwika mara mbili,
wengine hiyo ya pili hawaijui."
"Petro alilia. Mbona hujauliza machozi mangapi?"

"Na kaburini? Mwanamke mmoja, wawili, watatu,
malaika huyu ameketi, wale wamesimama.
Wewe uliyenifundisha kuhesabu vibati vya taa,
mia mbili wameshuka, mia mbili wapande,
kimoja kikipungua hakuna kulala,
daftari kama hili ungelitia sahihi?"

Hapo nilitaka kusema kitu.
Nikaongeza sukari kwenye chai isiyoihitaji.

Baba akasema: "Usiku wa Nyamwamba.
Wewe wasema kwanza mto ulinguruma.
Ithungu asema kwanza ilikuja harufu ya udongo.
Kabugho wa jirani huapa mama yenu alitoka na taa.
Mimi nilikuwa naona bado, na taa sikuiona.
Kwa hiyo mafuriko hayakuwepo?"

Nje, mto wenyewe ulikuwa unapita,
mpole, kama jirani aliyekwisha kusamehewa na kila mtu
isipokuwa mimi.

"Yalikuwepo," Kule akasema.
"Tunagombana juu ya taa, tunagombana juu ya saa,
lakini sote wanne neno letu ni moja: mama hakurudi.
Na nyinyi mnataka niwaamini wanne
waliopishana kwa kila kitu isipokuwa hilo moja,
kwamba wao wao alirudi."

"Isipokuwa hilo moja," baba akarudia,
taratibu, kama anayepapasa kibati gizani.
Halafu: "Wewe wasema hakurudi.
Mimi husema hajarudi."

"Hiyo ni sarufi, baba. Si hoja."

"Ni sarufi," baba akakubali.
"Kuna siku vibati vilipungua. Kijana wa Bwera, namba themanini na tisa.
Siku tatu walichimba. Bwana mkubwa akaniambia, Masereka, funga hesabu,
andika hakupanda.
Nikaandika hajapanda.
Akanikata mshahara wa wiki."

"Na alipanda?"

"Hapana."

Hakuna aliyecheka. Kipepeo wa usiku alijigonga kwenye balbu,
akaanguka juu ya ukurasa,
Kule akamwondoa kwa ncha ya penseli,
kwa upole ambao sijamwona akimfanyia mtu.

"Endelea," baba akasema, "ulikuwa kwenye bustani."

Akaendelea. Baba alisinzia kabla ya mwanamke yule
kudhani anaongea na mtunza bustani.
Nilimwona Kule akimwona amelala.
Nilingoja afunge kitabu, atafute kofia yake, awahi boda.

Alishusha sauti,
akasoma mpaka mwisho wa mlango,
na penseli ikabaki sikioni.

Sijui alikuwa anamsomea nani.
Mimi nilikuwa jikoni, naosha vikombe vitatu,
na maji niliyafunga ili nisikie.