Nyinginezo

Katika kijitabu chenu, ukurasa wa nne,
chini ya picha ya msichana anayeichekea nyundo,
mliandika: pauni mia sita na arobaini.
Nilikikata kipande kile kwa mkasi,
nikakibandika mlangoni mwa friji,
na kwa miezi saba nilikitazama kila nilipotoa maziwa.

Naitwa Glenys Prosser, wa Llanelli.
Naosha vyombo hospitalini, zamu ya alfajiri.
Nilidunduliza katika bati la biskuti
hadi zikatimia mia sita na arobaini na moja,
ile moja ya chai, siku ya kwanza.

Nilitaka kujifunza kuvisha viti.
Unang'oa misumari, unavua kitambaa, unakuta gunia;
chini ya gunia manyoya ya farasi,
chini ya manyoya springi,
na mara moja, ndani ya kochi la mama,
kitana alichotutuhumu sote kwamba tumekiiba.
Kiti hakimfichi kitu anayekifungua.

Basi ankara yenu nayo nimeifungua.
Ada ya karakana, mia na ishirini.
(Kwani mlitaka tuvivishie barabarani?)
Ada ya vifaa, themanini na tano.
Ada ya cheti, arobaini na tano, hata kwa atakayefeli.
Lipa kabla ya Ijumaa au nafasi yako apewe mwingine.
Nikamkopa dada yangu Menna. Nikalipa.
Kisha nikapiga simu.

Piano, dakika ishirini na mbili.
Halafu kijana, sauti ya mtu aliye katikati ya mkate:
"Kuna nyota, mama."
Nyota?
"Pembeni mwa bei. Inakupeleka ukurasa wa thelathini na moja."
Nikaenda kwenye friji. Kweli ilikuwapo,
ndogo kama kinyesi cha nzi.
Nusu yake nilikuwa nimeikata kwa mkasi wangu mwenyewe.

Ukurasa wa thelathini na moja:
Ada nyinginezo zaweza kutozwa.

Nyinginezo.
Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.
Halina kima, halina tarehe, halina mwenyewe.
Ni mlango wa uani usio na komeo.
Mnaniuzia mbuzi kwenye gunia,
mimi, ambaye gunia nalipigilia misumari kila Jumanne!

Bwana Emrys Havard wa ofisi ya ushauri,
juu ya maktaba, anasikia kwa sikio moja.
Alinigeuzia lile zuri.
Hakunihutubia. Aliuliza tu:
"Ulijiandikisha kabla ya kuonyeshwa hizi, au baada?"
Kabla.
Akaandika kabla, akalipigia mstari, tena mstari,
kalamu ikatoboa karatasi.

Barua ya tatu ndiyo mliyoijibu.
Kwa hisani, bila kukiri kosa lolote,
chuo kitakurejeshea pauni mia mbili na tano.

Niliisoma stoo, kati ya ndoo na mifagio,
vidole vimekunjamana kwa maji ya moto.
Hisani ni jirani kukuletea supu ukiwa na homa.
Hii ni pesa yangu inarudi nyumbani.
Nimeikata hisani kwa wino,
juu yake nimeandika deni,
nimetia sahihi, nimewarudishia.

Imebaki arobaini na tano.
Ninyi mnasema cheti ni kitu cha pembeni.
Mimi nasema cheti kimo ndani ya bei ya masomo
kama miguu ilivyomo ndani ya bei ya kiti.
Menna anasema, achana nao,
hiyo ni hela ya samaki na chipsi tu.
Pengine. Lakini chovyachovya humaliza buyu la asali,
na darasani tuko kumi na wanne.

Kiti changu cha mtihani kiko karakanani,
mgongo umevikwa, kikalio bado kiko uchi.
Jumanne nitakigeuza miguu juu,
na upande usiotazamwa na mtu
hadi fundi mwingine aje kukifungua, mimi sipo,
nitaandika kwa penseli jina langu,
tarehe,
na bei. Yote.