Jiwe la Kilo Mbili

Jiwe hili lilipimwa hospitali ya Bulongwa,
kwenye mzani wa watoto wachanga.
Bibi Eselina Tweve alimwomba nesi
siku ya kliniki, benchi zimejaa,
akalilaza kwenye beseni, akalifunika na kanga
lisipate baridi,
na kina mama wakacheka mpaka watoto wakaamka.
Kilo mbili kamili.
Akalibeba mgongoni, akapanda nalo mlima.

Tangu hapo mnunuzi wa pareto
alimwona akitokea kwenye kona, akaanza kukohoa.
"Mpime kwanza mjukuu wangu," Bibi alimwambia,
na jiwe likapanda mzanini, watu wanatazama.
Kilo moja na robo tatu.
"Robo hiyo," akasema, bila kupaza sauti,
"ni madaftari ya Lusungu. Irudishe."

Tulikuwa wajukuu saba,
wa mama watatu na baba mmoja,
na wote wanne walikuwa chini ya miwati, nyuma ya zizi.
Miaka ile fundi Mbwilo alisahau kutengeneza viti.
Ugonjwa ulikuwa na majina mengi
na hakuna lililotajwa wakati wa kula.

Blanketi mbili, watu saba.
Usiku Bibi alituhesabu gizani, kwa miguu:
akapapasa, akanong'ona,
kumi na miwili, kumi na mitatu, kumi na minne,
Amina.
Usiku mmoja alipata kumi na mitatu.
Akawasha koroboi, akatutikisa wote kama magunia.
Obadia alikuwa amekunja mguu mmoja kwa baridi, basi.
Akamzaba kofi, akamkumbatia,
akakaa jikoni peke yake mpaka jogoo.

Juni, sakitu ikiunguza majani ya viazi,
yeye ameshafika shambani,
sweta la marehemu babu, vifungo viwili,
vidole vimenasa harufu ya pareto
hata sabuni ya mche ikanyoosha mikono.
Viroboto hawakumsogelea.
Tuligombania kulala ubavuni kwake
tukasema ni mapenzi.
Yalikuwa mapenzi, lakini viroboto pia.

Alisali akitembea, jembe begani, kwa Kikinga.
Mungu wa Kiswahili, alisema,
amezoea mikutano.
Jumapili alipeleka sadaka ya viazi sita,
akichagua vile vikubwa,
sisi tukabaki na vya ukubwa wa goroli,
na mimi nikamnunia Mungu mpaka darasa la tano.
Sijui kama Bibi alijua.
Nadhani alijua. Siku ya mtihani
alinichomea kimoja kikubwa,
akanipa nje, nyuma ya mlango,
Mungu asione.

Alifariki Machi, mvua haijakatika.
Gari lilikwama kwenye tope, tukamalizia kwa miguu,
kutoka Mbeya, Songea, Dar, Makambako,
saba, hakupungua mtu.
Yusta aliingiza mkono chini ya shuka,
akapapasa.
Miwili, akasema.
Tukasubiri.
Hakuna aliyeweza kusema ile Amina.

Waligawana masufuria, jembe, Biblia isiyo na jalada.
Mimi nikaomba jiwe.
Shangazi wa ukoo akanitazama: jiwe?
Jiwe.

Sasa lipo dukani kwangu, Makambako,
kati ya mchele na maharage.
Mzani wangu ni wa betri, namba nyekundu, unajua kudanganya
kama ule wa zamani, kwa adabu zaidi tu.
Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango,
nalilaza jiwe juu yake.
Wiki iliyopita lilisoma mbili na gramu kumi.
Nikalifuta vumbi. Mbili na gramu kumi.
Nikanawa mikono, nikalipima tena.

Mteja alikuwa ameanza kugonga.
"Subiri," nikamwambia,
"kuna mtu nampima."